Daftari la Mvua za Kwanza: Wadudu na Maua ya Mwitu kwenye Kipande Chetu cha Entebbe

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wetu, na vijana ambao naona mmekuja na madaftari tayari,

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuorodhesha wadudu na maua ya mwitu kwenye kile kipande cha ardhi kilicho kati ya uzio wa shule na kinamasi cha mafunjo. Nitaanzia mbali kidogo, Uingereza, kwa sababu miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa huko na inaweza kutupoteza. Tangu mwaka 1976 wananchi wa kujitolea nchini humo wamekuwa wakipita njia ileile kila wiki, kuanzia mwanzo wa Aprili hadi mwisho wa Septemba, wakihesabu vipepeo wanaowaona mbele yao. Huanza Aprili kwa kuwa baridi imelegea na maua ya kwanza yamefunguka. Mojawapo ya masharti yao ni kwamba mtu asihesabu siku ambayo joto liko chini ya nyuzi 13. Nilipolisoma sharti hilo mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana hapa tulipo, hatua chache tu kutoka ikweta, mchana wa namna hiyo sijawahi kuuona. Kwao tutachukua ile desturi ya kupita njia moja wiki kwa wiki. Kalenda yao tutawaachia wenyewe.

Sisi tuna mvua. Huku kusini mwa Uganda hunyesha kwa vipindi viwili, takriban Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ilhali ndugu zetu wa Karamoja, kaskazini-mashariki, wana kipindi kimoja kirefu. Wazee waliotutangulia walilijua jambo hili vizuri kiasi cha kulitia ndani ya majina ya miezi. Aprili kwa Kiganda ni Kafuumuulampawu, mwezi wa kuruka kwa mpawu, ambao ni aina ya kumbikumbi. Oktoba ni Mukulukusabitungotungo, mwezi ambao mvua huangusha maua ya ufuta. Novemba ni Museenene, kwa heshima ya nsenene, yule mdudu wa kuliwa anayefanana na panzi, na Desemba ni Ntenvu, jina la mbawakawa. Tazameni: wadudu watatu na ua moja ndani ya mwaka mmoja, vimeandikwa mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuvipoteza. Kwa hiyo hatuanzi kitu kigeni. Tunaendeleza kumbukumbu iliyokuwapo, tukiiongezea tarehe na hesabu, ili mjukuu wetu aweze kujua kama nsenene bado wanakuja katika mwezi unaobeba jina lao.

Ndiyo maana chombo cha kwanza ninachowaomba mtafute si wavu wala kamera, bali kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya shule. Kopo likae mahali pa wazi, mbali na paa na matawi, na kila asubuhi saa tatu mtu apime kina cha maji kwa milimita, aandike, kisha amwage. Tumekubaliana na walimu wa hapa kwamba siku ya kwanza ya msimu, kwa daftari letu, itakuwa siku ambayo kopo limepata milimita 10 au zaidi baada ya juma zima la ukavu. Mtu mwingine angeweza kuchagua kipimo tofauti, na hilo halidhuru, mradi tusikibadilishe katikati ya safari. Kuanzia siku hiyo tunahesabu mbele: siku ya tatu tuliona nini, siku ya saba nini, siku ya kumi na mbili nini. Tarehe ya kalenda nayo tutaiandika, lakini maswali yetu tutayauliza kwa siku za mvua.

Wakulima mlio hapa mnaweza kuhakikisha jambo hili kwenye kahawa zenu. Kahawa ya robusta, ambayo ni mmea wa asili wa nchi hii, hungoja ukavu uvunjwe na mvua, kisha baada ya juma moja hivi au siku kumi na zaidi kidogo shamba zima linageuka jeupe kwa maua ambayo hayadumu zaidi ya siku chache. Robusta haijichavushi yenyewe. Huhitaji chavua ya mti mwingine, nayo husafirishwa na upepo na nyuki. Katika siku hizo chache, robo saa ya kukaa mbele ya tawi moja na kuhesabu nyuki wanaotua ina thamani kuliko robo saa yoyote nyingine ya mwaka. Muwatenganishe, tafadhali: nyuki wa asali, wale nyuki wadogo wasiouma ambao hutengeneza asali katika mashimo ya miti, na wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao za mapaa yetu. Hata asiyejua jina la kisayansi anaweza kuyatofautisha makundi hayo matatu bila kukosea.

Juu ya kumbikumbi sina haja ya kusema mengi, kwa kuwa hakuna mtoto wa Entebbe asiyejua kichuguu kipi kinatoa lini. Naomba tu kwamba kabla ya kuwakaanga muandike saa walipotoka na ni siku ya ngapi tangu mvua.

Kipo kitu cha pili kinachoendesha saa za wadudu wetu, nacho ni mwezi wa angani. Ninyi mnaoishi karibu na maji mnawafahamu wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi juu ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria, na kujaza taa na vikombe vya chai. Kundi mojawapo kati yao, la jenasi Chaoborus, huibuka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo. Yuko mwingine, Povilla adusta, ambaye mabuu wake hutoboa mbao na mafunjo yaliyozama. Mtafiti Hartland-Rowe alichapisha mwaka 1955 kwamba huyu hutoka majini karibu na mwezi mpevu, kisha akiwa na mabawa haishi hata hadi asubuhi. Sasa fikirini mtu anayekuja kinamasini Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa uaminifu mkubwa, na mara zote awakose. Ataandika kwamba hawapo, naye atakuwa amesema kweli juu ya Jumamosi zake tu. Umbo la mwezi liandikwe pembeni ya tarehe.

Saa nayo iandikwe. Lile jani teketeke lenye ua la buluu linalotambaa kando ya njia, Commelina benghalensis, ambalo Waganda huliita nnanda, hufungua ua lake asubuhi na kulikunja mchana. Anayepita saa tisa alasiri ataapa kwamba halijachanua. Lina hila nyingine pia: chini ya udongo hubeba maua yasiyofunguka kamwe, ambayo hujizalisha mbegu yenyewe, jambo linaloeleza kwa nini mkulima anayelipalilia juu juu hulikuta tena mvua inayofuata. Kwa upande wa wadudu, somo la saa lilifundishwa jirani yetu kabisa, katika msitu wa Zika. Dunia inaukumbuka msitu huo kwa sababu ya virusi vilivyopatikana mwaka 1947 kwa tumbili aliyewekwa humo na mwaka 1948 kwa mbu Aedes africanus, lakini kazi iliyonivutia mimi ni ile ya subira. Alexander Haddow na wenzake waliwakamata mbu saa kwa saa, mchana na usiku, chini ya miti na juu yake, wakipanda hata mnara wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 30, wakaona kwamba kila spishi ina saa yake na kimo chake. Aedes africanus aliuma zaidi huko juu, mara tu jua linapozama. Aliyeketi chini saa nne asubuhi asingemjua.

Nirudi kwenye jani la nnanda, kwa kuwa limebeba kisa ninachokipenda kuliko vyote. Yuko kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa, Acraea encedon, ambaye kiwavi wake hula majani hayo. Katika miaka ya 1960 Denis Owen, aliyekuwa akifundisha Makerere, alikuwa akiwakamata vipepeo hao katika viunga vya Kampala, mahali pa kawaida pasipo na uzuri wowote, na kuwahesabu madume na majike. Aliona majike wengi kupita kiasi, madume haba. Akawafuga, akakuta baadhi ya majike wanazaa mabinti watupu, na mwaka 1965 akayachapisha hayo bila kuwa na jibu la uhakika. Jibu lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1990: bakteria wa jenasi Wolbachia, anayerithiwa kutoka kwa mama, huua madume wangali ndani ya yai. Hata hivyo kisa kilikuwa kimeshaongezewa fundo, kwa maana mwaka 1976 ilibainishwa kwamba jina lile moja lilikuwa limefunika spishi mbili zinazofanana mno, ya pili ikiitwa Acraea encedana. Kwa macho matupu ni vigumu kuwatofautisha wanaporuka, lakini viwavi wao wanatofautiana mezani: wa encedana hula Desmodium, mmea wa jamii ya mikunde.

Tunachokitoa hapo kwa ajili ya daftari letu ni jambo la kivitendo kabisa. Mkimwona kiwavi, msiandike kiwavi peke yake. Andikeni alikuwa anakula jani gani, na kama hamlijui jani, pigeni picha ya jani pia, upande wa juu na wa chini. Mkimwona mdudu uani, liandikeni ua. Daftari la wadudu lililotengwa na daftari la mimea ni nusu ya kazi, na mimi nimefanya kosa hilo kwa miaka miwili kamili.

Majina yatatusumbua, na nasema hivi nikiwa mtu wa Kiswahili. Mmea uleule wenye mbegu zinazoshika suruali, Bidens pilosa, mmoja ataita kishona nguo na mwingine ssere, na wote wawili wako sahihi. Neno panzi tunalitupia kila kitu kirukacho, wakati nsenene, kwa usahihi, ni wa jamii ya wale wenye papasio ndefu kuliko mwili. Pendekezo langu ni kwamba tuandike jina kama msemaji alivyolitamka, kwa lugha yake, pamoja na kijiji anakotoka, kisha jina la kisayansi lifuate tukilipata. Makerere kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ambapo mtu mwenye subira anaweza kulinganisha jani lake, na kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Uganda, Kenya na Tanzania, iliyokamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, imeigawa Uganda katika kanda nne; sisi hapa tumo katika ile ya nne. Picha zinaweza kupelekwa iNaturalist, mtandao ambapo watu husaidiana kutambua viumbe, lakini daftari la karatasi libaki shuleni.

Hesabu ya sifuri ndiyo inayowashinda wengi. Katika daftari langu la zamani kuna ukurasa ulioandikwa “leo vipepeo wengi sana, maua mazuri”, na baada yake kurasa tupu za majuma matano. Sijui leo hii kama majuma hayo hapakuwa na kipepeo, au sikwenda, au nilikwenda nikaona uvivu. Ukurasa huo hauna faida kwa mtu yeyote, pamoja na mimi niliyeuandika. Mkienda msione kitu, andikeni tarehe, saa, mvua, mwezi, na sifuri. Msipokwenda, andikeni kwamba hamkwenda.

Tutaanza Jumamosi hii saa tatu na nusu asubuhi chini ya mfenesi, tupite njia ya mbuzi hadi kwenye mafunjo na kurudi, bila kung'oa kitu. Mwenye ndizi zilizooza, hasa zile za mbidde, za kutengenezea pombe, asizitupe: vipepeo wakubwa wa jenasi Charaxes hawajali maua lakini hawawezi kupita harufu ya ndizi zilizochacha, nasi tutaning'iniza chandarua juu ya sahani ya ndizi hizo ili tuwanase. Vaeni viatu vilivyofunika vidole kwa sababu ya siafu. Na mlete penseli, si kalamu ya wino, maana kopo lilipimwa jana likawa na milimita 14.