Mjumbe Hauawi: Gari Ikikosa Nguvu Mlimani, Pima Kabla Hujanunua

Haya jamani, wa nyuma sogeeni mbele, spika yenyewe mnaiona inavyokoroma. Wanaonijua wanajua nitasema nini na nitasema tena mpaka mkome: gari ikikosa nguvu usikimbilie duka la spea. Plagi mpya, koili mpya za kuzipa umeme, sensa mpya, halafu gari ile ile ikifika mlimani unakanyaga mafuta mpaka mwisho na spidi inashuka tu, malori yanakupigia honi.

Kuna Toyota IST moja, injini aina ya 1NZ, hizi hizi mnazoendesha wengi wenu hapa. Jamaa anapeleka watu Iringa. Dar mpaka Mikumi safi kabisa, AC inapuliza, hana neno. Akianza kupanda mlima Kitonga na gari imejaa watu na mizigo, inakata pumzi. Anaweka pembeni, anasubiri, inapanda kidogo, inarudia yale yale. Taa ya cheki injini ikawaka, akaenda gereji, mashine ya kusoma makosa ikatoa namba P0171, akaambiwa sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi kwenye egzosi, imekufa. Ikabadilishwa. Kitonga ikamgomea. Zikaja koili, zote nne, na plagi juu yake. Kitonga ikamgomea tena, na sasa hela ya ada ya watoto imeishia kwenye boneti.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu kila siku. P0171 haijasema sensa ni mbovu! Imesema mafuta ni kidogo kuliko hewa inayoingia, basi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyoleta taarifa, na wazee walishasema mjumbe hauawi, nyie mnamuua halafu mnaenda dukani kumnunua mwenzake.

Mashine hiyo hiyo iliyosoma kosa ina sehemu ya kuonyesha data gari ikiwa inatembea, hamuifungui, sijui mnaogopa nini. Mle kuna trimu ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au inapunguza mafuta ili kuweka mambo sawa. Ikicheza karibu na sifuri, tano juu tano chini, huna ugomvi. Ikifika plasi 20 na zaidi, kompyuta inalia njaa. Ila njaa ya saa ngapi? Hilo ndilo swali. Kama iko juu gari ikiwa imesimama inaunguruma tu, halafu ukipandisha mzunguko wa injini mpaka 2500 kwa dakika inashuka, basi kuna hewa inaingia kwa wizi, tafuta hosi iliyopasuka au gasketi ya manifodi, lile bomba la kugawa hewa kwenye silinda. Kama imetulia ukiwa umesimama ila inapanda kadiri unavyoibebesha mzigo, hapo ni mawili, mafuta hayafiki ya kutosha au sensa ya hewa inadanganya, inasoma hewa kidogo kuliko inayoingia. Na kutenganisha hayo mawili huhitaji uganga, ni geji ya presha ya mafuta.

1NZ inataka kama kPa 304 mpaka 343, kwa PSI ni 44 mpaka 50. Sasa fundi anapima gari imesimama, anaona 46, anasema pampu nzima. Nzima ya wapi! Gari imesimama injini inalamba mafuta kidogo sana, hata pampu inayokata roho itatosheleza. Toa relei ya pampu, yaani swichi inayoipa umeme, washa gari mpaka izime yenyewe ili presha iishe ndio ufungue paipu, unganisha geji yenye hosi ndefu, ifunge nje ya kioo kwenye waipa (nje nimesema, sio ndani mkae na petroli mapajani), mwenzako asome wewe uendeshe. Ile IST tuliipakia watu tukatafuta mwinuko, sindano ikaanza kuteremka taratibu mpaka chini ya 30. Kufungua tenki, chujio jeusi tii na pampu yenyewe imechoka. Na kwa nini ichoke? Jamaa anatembea taa ya mafuta inawaka muda wote, na petroli ndiyo inayoipoza ile pampu humo ndani.

Najua kuna mtu hapo ananong'ona geji hatuna na mteja ana haraka. Koili nne za bure ulizomnunulisha zingenunua geji na chenji ikabaki. Mwingine atasema ni mafuta yaliyochakachuliwa. Sikatai, EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, hawakuanza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 kwa kujifurahisha, watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kweli. Lakini mafuta mabaya yanakusumbua tenki moja, mbili, gari inayosumbua mwezi mzima na unajaza sheli tofauti tofauti, acha kumsingizia mwenye sheli.

Muda naona umeenda, naambiwa dakika tano. Masega, yale ya kusafisha moshi kwenye egzosi: yakiziba injini inawaka vizuri ila haitaki kuvuta, fungua sensa ya oksijeni ya mbele, weka geji kwenye tundu lake, ukiona zaidi ya PSI 3 kwenye mzunguko 2500 ujue moshi hautoki. Na kabla hujayatoboa tafuta kilichoyaunguza, mara nyingi ni silinda iliyokuwa inamisi, haichomi mafuta sawasawa, mwenyewe akapuuza. Mzunguko unapanda lakini gari haiongezi spidi, hiyo ni gia boksi, usimguse mtu plagi zake. Breki zinazoshika nilitaka kuzisema, basi tena. Wenye dizeli mnisamehe, zenu zinataka siku yake.

Kuna Noah pale nje mwenyewe anasema haipandi, twendeni na geji. Aliyekuja na sigara abaki humu humu.