Papasi hana cheti, lakini anaongea

Walimu wangu shikamooni. Wanachuo, habari za mchana.

Nenda Nungwi, kule ufukweni Zanzibar, jioni ukawasikilize papasi, vijana wanaowazungukia watalii kuwauzia safari na huduma. Kijana aliyeishia kidato cha pili anapatana bei ya mashua kwa Kiitaliano, anahamia Kiingereza kumtania mgeni mwingine, na pesa inatoka. Ninyi mmesoma Baiolojia na Historia kwa Kiingereza miaka minne mizima, lakini mkiitwa kwenye usaili wa Kiingereza viganja vinalowa jasho. Msiniambie papasi ana kipaji.

Huku Bara wengi wetu tulisoma shule ya msingi miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza kila kitu kikageuka. Mwalimu anauliza kama kuna swali, darasa kimya. Maswali yapo tele! Lakini ukisimama ukamwita dada yako “he”, darasa zima linaangua kicheko, ingawa kosa lenyewe halina ajabu: tukisema “anakuja”, nani anajua kama ni mwanamke au mwanamume? Wengine tulivishwa kibao shingoni kwa kuropoka Kiswahili uwanjani. Halafu mtihani wa mwisho ni wa kalamu na karatasi. Mtoto mwenye akili akaona usalama uko kwenye kunyamaza.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 1986 mtafiti Elaine Horwitz na wenzake walitoa dodoso la kauli 33 la kupima hofu ya darasa la lugha ya kigeni. Waliowachunguza walikuwa Wamarekani wa Texas waliokuwa wakijifunza Kihispania, nao walitetemeka vilevile, wakiogopa pia watu watawaonaje.

Sasa mtazameni tena papasi. Maneno yale yale anayasema kila siku, ila kila mara kwa mtu mpya. Mwaka 1983 mwalimu wa lugha Keith Maurice alieleza zoezi la darasani linalokwenda hivyo hivyo. Unasimulia jambo kwa dakika nne. Unahamia kwa msikilizaji mwingine, unalisimulia lile lile kwa dakika tatu. Wa tatu unampa dakika mbili tu. Mara ya kwanza unahangaika kutafuta maneno. Mara ya tatu maneno yameshakuja, unapata nafasi ya kumtazama mwenzako usoni. Na kwa kuwa msikilizaji ni mpya, hupati aibu ya kujirudia.

Lafudhi ya Kizungu achaneni nayo, haimlishi mtu. Mkazo ndio wa kuangalia: sisi karibu kila neno tunaukaza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wao wanauhamisha, na ukikaa pabaya mgeni hakuelewi hata kama sarufi imenyooka.

Haya, geukieni jirani. Mada za mdahalo, sijui utandawazi, wekeni kando. Eleza kwa Kiingereza kwenu makande yanapikwaje. Anayesikiliza hasahihishi wala hacheki, hata mahindi yakigeuka mchele. Dakika nne, kuanzia sasa. Hata ninyi walimu mliokaa mbele.