Bomba Kwanza, Semina Baadaye

Mwenyekiti, asante. Wasifu wangu umesomwa mrefu kuliko nilivyo, tuuache hapo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuongoza mradi wa jamii wa kuishi na wanyamapori huku kwetu kandokando ya ziwa. Wanaonifahamu wanajua nitasema nini, naona wawili pale nyuma wameshaanza kutabasamu. Nitasema tena hivyo hivyo. Ukitaka watu wa mwambao wa Ziwa Victoria wakae salama na mamba, anza na bomba la maji. Semina itafuata. Fulana na kofia za mradi zikikosekana kabisa, hakuna atakayeliwa kwa sababu hiyo.

Tujiulize, nani anakamatwa? Mama anayechota maji. Mtoto anayeoga. Binti anayefua. Kijana anayevuta kokoro, ule wavu wa kukokota, maji yamemfika kifuani, na kokoro lenyewe ni haramu, anajua, ndiyo maana anavuta gizani. Wote hawa miguu yao iko majini, mahali palepale, saa ileile, kila siku. Mamba hazunguki kutafuta watu. Macho, pua na masikio yake yako juu ya kichwa. Mwili wote unazama, yeye anaendelea kukuona, kukusikia na kupumua. Tena ana subira, anaweza kumaliza miezi bila mlo wa maana. Anakusoma kama mdai anayejua saa unayorudi nyumbani. Kwa hiyo unapomwambia mama "chukua tahadhari", halafu kesho anarudi palepale na dumu lake kwa sababu hana pengine, umemsaidia nini?

Na msiniambie maji hakuna. Maji ya Ihelele, hapa Misungwi, yanasafirishwa kwa bomba mpaka Shinyanga na Kahama, yamekwenda Igunga, yamefika Tabora. Siwaonei gere ndugu zangu wa Tabora, wameteseka vya kutosha. Lakini nenda Ukerewe, nenda visiwa vya Buchosa, uone watu waliozungukwa na maji pande zote wanavyochota kwa ndoo mbele ya mdomo wa mamba. Halafu anatoka mtaalamu mjini anakuja kuwafundisha umuhimu wa uhifadhi.

Sasa niwaambie habari ya kizimba. Najua wengine mmeisikia, vumilieni, vijana wa Pasiansi, chuo cha askari wa wanyamapori, hawajaisikia na hao ndio watakaotumwa vijijini.

Kizimba cha mamba, kwa msiokijua, si hiki cha kufugia sato. Ni uzio wa nguzo na wavu wa chuma unaoingia majini, mama anachota akiwa ndani, mamba anabaki nje. Kitu kizuri. TAWA, mamlaka ya wanyamapori, wamevijenga huko Buchosa na mimi ni shabiki wake. Lakini kuna kijiji kimoja, sikitaji, wenyewe wamo humu ndani, walikwenda watu wa mradi wakiwa na fedha na haraka. Ukaitishwa mkutano chini ya mti. Wanaume kwenye benchi mbele, kina mama nyuma wamekaa kwenye kanga. Mahali pa kujenga pakachaguliwa karibu na mwalo, pale mitumbwi inapotua, kwa sababu gari la wageni linafika. Kikajengwa, utepe ukakatwa, soda zikanywewa. Muda si mrefu kina mama wakaonekana wanafua nje ya kizimba, kwenye jiwe lao la zamani. Ripoti ikaandikwa kwamba jamii haina uelewa.

Haina uelewa! Mimi nikaenda kukaa na wale mama. Sikwenda na dodoso, nilikwenda na nguo zangu chafu, nikafua nao. Wakanieleza wakiwa wanasugua nguo kwa sabuni, bila hata kuninyanyulia macho. Kwanza, ndani ya kizimba chini ni tope. Ukikanyaga tu ndoo yako inajaa uji. Kwenye jiwe pana mchanga. Pili, upepo ukileta magugumaji yanajipenyeza chini ya wavu, kutoka hayatoki, maji yananuka. Tatu ni mlango. Aliyeuchora alimfikiria mtu mmoja na ndoo moja. Mama anakuja na beseni la nguo kichwani, mtoto mgongoni, binti nyuma yake na dumu. Beseni halipiti. Inabidi alitue nje, ukingoni mwa maji, achote ndani, atoke kulifuata. Yaani kizimba kinamrudisha kwa mamba kila baada ya ndoo.

La nne walilisema kwa sauti ya chini, na ndilo lililoua mradi. Kizimba kilitazama mwalo, na mwaloni ndipo wanaume wanaposhona nyavu. Mnataka mama mtu mzima aoge pale? Kwenye mkutano chini ya mti nani angelisema hilo, mbele ya wakwe zake?

Walichofanya baadaye wamekifanya wenyewe, mimi nilibeba nguzo tu. Kizimba kilihamishwa kwenye jiwe. Mlango ukapanuliwa mpaka beseni likapita, na walilipima kwa beseni lenyewe, si kwa futi. Upande wa mwalo yakapigwa mabati chakavu. Vijana wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, wakapangiwa zamu ya kutoa magugumaji na kukagua wavu kama haujatoboka, na asiyekwenda zamu anatozwa faini, na faini ndiyo inayonunua waya. Mweka hazina ni yule mama aliyenisemea habari ya beseni. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kamati inayoanza na kuchagua mwenyekiti. Mimi natafuta kwanza anayejua beseni linapita wapi, uenyekiti watagawana.

Sasa, kuna mtu humu ana swali mdomoni, nimemwona toka nimeanza. "Kwa nini msiwaue wote tukapumzika?" Ndugu yangu, mamba aliyezoea kuua watu akitambulika, askari wa wanyamapori huitwa wakamuua. Hilo lipo na silipingi, nimeona watu wakilia nikiwa nimesimama hapo. Lakini umemuua huyu, umeacha nini pale? Umeacha mahali ambapo miguu ya watu inaingia majini kila asubuhi na kila jioni. Atakuja mwingine, na huyo wa pili hamumjui tabia. Bomba ukiliweka, hata mamba akibaki, anabaki na kambare wake.

Jambo la pili, hili silitanii. Mtu akikamatwa, siku tatu hazipiti utasikia: yule hakuwa mamba wa kawaida, ni mamba wa kutumwa kwa uchawi. Mara anatafutwa aliyemtuma. Na huyo anayetafutwa mnajua atakuwa nani katika Kanda ya Ziwa yetu hii. Atakuwa bibi kizee, mjane, anakaa peke yake, macho mekundu. Macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini ya kupikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi. Tumezika mabibi kwa ajili ya macho hayo. Kwa hiyo kiongozi wa mradi, siku ya msiba, usikimbilie kupiga picha ya mamba. Kaa msibani. Kaa karibu na sungusungu na wazee, na maneno yakianza uwepo, useme mbele yao marehemu alikuwa wapi, saa ngapi, na nani mwingine huchota pale. Ukiwaonyesha kwamba mahali ndipo penye hatari, hasira inapata pa kwenda. Ukichelewa, una msiba wa pili, na wa pili ni wa kuua kwa mikono.

Wapo watakaosema tunawajali wanyama kuliko watu. Wana haki ya kusema. Kanuni za wanyamapori za 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi milioni 1 kwa mtu aliyeuawa. Milioni 1. Na serikali yenyewe inasema wazi kwamba hiyo si fidia. Halafu mfuate mfiwa anavyozunguka na karatasi za kuidai, kwa mtendaji, kituo cha polisi, hospitali, wilayani, nauli ya mtumbwi na bodaboda kila safari, na mara nyingine mwili haukupatikana, anaonyesha nini? Kandambili? Katika miradi yetu tuna mtu mmoja kazi yake ni kusindikiza karatasi hizo, hana kazi nyingine. Wafadhili hawampendi kwa sababu hapigiki picha. Mimi ningepunguza madereva wote nikambakiza yeye.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na viboko na tembo wa kuzungumzia, nitakimbia.

Kiboko anatoka usiku kula nyasi, kilo 40 hivi kwa usiku, na ana njia yake anayoipita kila siku. Ukilima mpunga juu ya njia yake utagombana naye kila msimu, na usisimame kati yake na maji, hasa alfajiri. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa. Mkulima wa mchicha anaona anaonewa, lakini kwenye zile mita 60 kiboko naye anakula. Waachieni nyasi zao. Wanaolima mbali kidogo, mfereji na tochi za zamu vinasaidia, mkizembea wiki moja amerudi.

Tembo wa Serengeti kule Bunda na Busega, uzio wa mizinga ya nyuki umejaribiwa sana Kenya na unafanya kazi, tembo anawaogopa nyuki kweli. Ila mizinga ina mwenyewe na asali ina mwenyewe, msipokubaliana mapema asali ni ya nani, mtagombana wenyewe kwa wenyewe na tembo apite. Hilo lilistahili saa nzima, basi.

Maswali. Dada mwenye kitambaa cha njano, anza. Wewe kaka wa kuua mamba wote, subiri, nimeshakujibu.