"Fresh": neno linalosomwa kwa kinyume chake

Mabibi na mabwana, walimu na wafasiri wenzangu, tuanze na ziwa letu hili. Kwa Kiingereza Ziwa Victoria ni "freshwater lake", na mara kwa mara tunakuta limetafsiriwa "ziwa la maji safi". Tafsiri hiyo ni ya hatari. Maji haya yana kichocho. Ukimwambia mtoto ni safi, umemruhusu aingie kuogelea. "Fresh" hapo haihusu usafi hata kidogo, inahusu chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Ya maji haya haifiki nusu gramu. Watu wa pwani walishalimaliza jambo hili zamani: maji baridi. Basi ni ziwa la maji baridi, samaki wa maji baridi. Mwanafunzi akikucheka kwamba maji ya Kirumba, hapa Mwanza, mchana ni vuguvugu, mjibu kuwa baridi hii ni kinyume cha chumvi, si cha moto.

Chumvi hiyohiyo ndiyo asili ya neno. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "fersc", likasemwa kwa maji yasiyo ya chumvi. Wajerumani wana ndugu yake, "frisch". Wafaransa wa zamani nao walilichukua kwenye lugha za jamii hiyo, kisha likaingia Uingereza kwa mlango wa pili, likiwa na maana pana zaidi: mpya, lisilochakaa, lenye nguvu. Waitaliano wanasema "fresco", wakatupatia jina la picha inayochorwa juu ya lipu mbichi. Lipu ikikauka kabla fundi hajamaliza, rangi hainywewi na ukuta. Inabidi abandue kipande kile apige lipu upya.

Sasa kazi yenyewe. Ukikutana na "fresh", usikimbilie "mpya" wala "safi". Jiulize kwanza: kitu hiki hakijafanywa nini? Chukueni sangara. Mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, samaki "fresh" ni mbichi, yaani hajakaushwa wala kukaangwa. Kwenye nyaraka za kiwanda cha minofu, "fresh" ni iliyopoozwa kwa barafu, karibu na nyuzi 0, ikapelekwa kwa ndege. Kinyume chake ni iliyogandishwa, nyuzi 18 chini ya sifuri, inayosubiri meli. Mfasiri akiandika "minofu mibichi" kwa zote mbili, mzigo utawekwa kwenye chumba kisicho chake. Andika "ambayo haijagandishwa". Kwa mama anayenunua sokoni, "fresh" ni asiyechina, yaani hajaanza kuharibika: jicho limejaa na kung'aa, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza inarudi. Samaki ni yuleyule, vinyume ni vitatu.

Angalieni na mayai. "Fresh eggs" si "mayai mabichi", maana hata yai la mwezi mzima, kama halijapikwa, ni bichi. Sema yametagwa karibuni. Mkate ni wa leo. Maziwa ni yasiyoganda, ila mitaani tunasema "maziwa freshi" na sioni ubaya wake.

Kuna mitego miwili ya Kimarekani. Mtu akiambiwa "don't get fresh with me", anakanywa ufedhuli. Maana hiyo ya karne ya 19 yaelekea ilitoka kwenye neno jingine la Kijerumani, "frech", fidhuli. Na muuza duka akisema "we're fresh out of sugar", usisubiri sukari mpya. Imemwishia sasa hivi.

Lililobaki ni "freshi" la kwetu. "Mambo?" "Freshi." Hapo halina chumvi wala barafu, maana yake hakuna tatizo. Limekaa sawa na "safi", halibadiliki kwa ngeli: mtu freshi, vitu freshi, mahali freshi. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika "vitu vifreshi", mkosoeni kwa sarufi, si kwa kutumia neno la mtaani.