Kipindi cha 61: Kwa Mama Kulwa Namba Mbili

KABULA: Mwadila, Shija.

SHIJA: Mwadila, Mama Kulwa. Leo umekuja na uso wa mtu anayedaiwa kodi.

KABULA: Afadhali ningedaiwa. Wasikilizaji, karibuni. Kabla hatujaanza, kopo hili hapa mezani.

SHIJA: Kopo la nini tena?

KABULA: Usijifanye. Wiki iliyopita wasikilizaji wamepitisha sheria. Kila ukimtaja yule samaki wako wa kiwandani, mia tano ndani ya kopo.

SHIJA: Nimefanya kazi kiwandani miaka sita! Mtu kukaa miaka sita na sangara halafu asimtaje?

KABULA: Mia tano. Hatujamaliza hata salamu. (sarafu inalia koponi) Sasa nisikilize. Jumanne nashuka kwenye daladala Buzuruga, naona kibanda kipya. Rangi ya njano, njano yangu ile. Juu kimeandikwa "Kwa Mama Kulwa 2". Nikadhani ni jua. Nikasogea. Kachumbari ina embe bichi. Nani mwingine Mwanza hii anaweka embe bichi kwenye kachumbari ya chipsi?

SHIJA: Wapo.

KABULA: Hawapo. Nachungulia, nani yuko kwenye karai? Mtoto wa kaka yangu. Niliyemfundisha mwenyewe kumenya viazi, miaka miwili nyumbani kwangu. Na wala hakushtuka! "Shikamoo shangazi, karibu kwenye tawi letu."

SHIJA: (anacheka) Tawi letu!

KABULA: Cheka tu.

SHIJA: Ulimjibu nini?

KABULA: Marahaba. Ningejibu nini, watu wamepanga foleni? Nikanunua chipsi kavu, nikalipa, nikaondoka.

SHIJA: Yaani ukalipa kwenye tawi lako. Basi mada tuliyoipanga leo imekuja yenyewe. McDonald's. Na nina masomo matatu ya mfanyabiashara mdogo, nimeyaandika kwenye karatasi, tutayasoma mwishoni.

KABULA: Hapa Tanzania hawana hata duka moja hao.

SHIJA: Na bado kila mtu anawajua. Wamepita maduka 40,000, nchi zaidi ya 100. Walianza na ndugu wawili, Dick na Mac, ukoo wao ndiyo huo McDonald. Mwaka 1940 wakafungua mgahawa San Bernardino, California. Ukaenda vizuri tu. Mwaka 1948 wakaufunga wenyewe.

KABULA: Unakwenda vizuri halafu waufunge?

SHIJA: Wakafyeka orodha ya vyakula, vikabaki tisa. Wakaondoa wahudumu wa kupeleka chakula kwenye magari. Baga ikashuka mpaka senti 15. Na jiko jipya walilichora kwanza kwa chaki kwenye uwanja wa tenisi, saizi yake kamili. Wafanyakazi wakawa wanazunguka juu ya mchoro, huyu anageuza nyama ya hewa, yule anafunga mkate wa hewa, wapate kuona nani anamgonga nani. Usiku mvua ikanyesha, chaki yote ikafutika, wakachora upya.

KABULA: Hao ni watu wangu. Mimi nilichora kwa mkaa uani, karai hapa, viazi hapa, mafuta hapa. Tatizo lilikuwa kuku wa jirani.

SHIJA: Mwaka 1954 akaja Ray Kroc, muuza mashine za kutengenezea milkisheki. Akashangaa mgahawa mmoja unahitaji mashine zote zile. Akaomba awatafutie watu wa kufungua mingine kwa jina lilelile. Mwaka 1955 akafungua wa kwake Des Plaines, Illinois. Mwaka 1961 akawanunua kabisa, dola milioni 2.7. Ndugu wakabaki na ule mgahawa wao wa mwanzo, ila jina limeshauzwa. Ikabidi waubatize upya, The Big M. Kroc akafungua McDonald's jirani yao. The Big M ikafa.

KABULA: Ngoja. McDonald mwenyewe haruhusiwi kuandika McDonald mlangoni?

SHIJA: Haruhusiwi.

KABULA: Ndicho kitakachonikuta mimi! Nitaamka siku moja naambiwa niandike "Kwa Mama K".

SHIJA: Jina umelisajili BRELA, kwa wasajili wa biashara?

KABULA: Jina la wanangu mapacha nikalisajili wapi? Nimelizaa.

SHIJA: Kulwa umemzaa, jina la biashara hujalizaa.

KABULA: Endelea na Wamarekani wako.

SHIJA: Hela ya McDonald's watu wanadhani iko kwenye baga. Kroc mwanzoni alikuwa anabanwa kweli, asilimia aliyokuwa anakata kwenye mauzo ilikuwa ndogo. Akaja mtu wa fedha, Harry Sonneborn. Mwaka 1956 wakaunda kampuni ya viwanja. Kampuni inanunua au inakodi kiwanja, inajenga, halafu inampangisha yule anayekaanga. Leo maduka yao kama asilimia 95 yanaendeshwa na watu wengine. Wao wanakula ada ya jina, na wanakula kodi.

KABULA: Kwa hiyo ni mwenye fremu.

SHIJA: Mwenye fremu hasa! Na mkaangaji akikorofisha, mkataba wa fremu uko mkononi mwao.

KABULA: Asante. Sasa nimepata dawa ya Buzuruga. Namwambia hivi: jina endelea nalo, lakini kila jioni unaniletea hesabu kama ya bodaboda. Viazi unachukua kwangu, lumbesa zangu za Njombe. Mafuta unachukua kwangu. Na unapika ninachopika mimi, basi.

SHIJA: Hapo kwenye unachopika wewe ndipo utakapopotea. Kuna mtu anaitwa Lou Groen. Alikuwa na McDonald's Cincinnati, mtaa umejaa Wakatoliki. Ijumaa hawali nyama, Kwaresima ndiyo kabisa. Duka linalala. Akabuni mkate wa samaki, akampelekea Kroc. Kroc hataki, hataki duka lake linuke samaki. Na yeye Kroc alikuwa na wazo lake la Ijumaa. Unajua wazo lenyewe?

KABULA: Mayai?

SHIJA: Nanasi.

KABULA: Nanasi wapi?

SHIJA: Katikati ya mkate. Kipande cha nanasi la kuchoma na jibini juu yake. Aliliita Hula Burger.

KABULA: Mungu wangu. Hata Geita kwenye mananasi yenyewe hawajafikia huko.

SHIJA: Wakashindanisha, Ijumaa Kuu ya 1962. Mkate wa samaki ukauza 350. Wa nanasi, sita.

KABULA: (anacheka muda mrefu) Sita! Na huenda wawili ni wake.

SHIJA: Hadi leo huo mkate wa samaki uko kwenye menyu dunia nzima. Umetoka kwa mkaangaji wa tawini, mwenye jina alikuwa anakaanga nanasi.

KABULA: Samaki gani?

SHIJA: Groen alianza na halibut. Siku hizi Marekani wanatumia pollock, wa baharini, Alaska.

KABULA: Hongera, umemaliza bila faini.

SHIJA: Lakini mimi nakwambia pangefaa sangara.

KABULA: Mia tano.

SHIJA: Nalipa. Sangara ana mnofu mweupe, hana mifupa midogo ya kuchokoa kama sato. Ukimchuna ngozi vizuri unatoka na ubao wa mnofu, saizi ya mkate kabisa. Nimechuna sangara mimi, najua.

KABULA: Hizo ni mbili. Weka buku.

SHIJA: Ila huo mkate huwezi kuuza hapa Mwanza, na hiyo ndiyo inayoniuma. Viwanda vimeanza hapa miaka ya tisini, mnofu ukaanza kupanda ndege kwenda Ulaya. Sisi tunabaki na panki. Kichwa, mgongo, mkia. Umezaliwa ziwani, unakula mifupa ya sangara ambaye nyama yake inaliwa na mtu asiyejua hata ziwa liko upande gani.

KABULA: Mia tano nyingine, japo hii umeisema kwa uchungu. Lakini panki la kukaanga ni tamu bwana.

SHIJA: Sijasema si tamu. Na bondo? Lile pulizo la hewa la tumboni tulikuwa tunatupa, leo kilo moja inashinda nyama yote ya huyo samaki, inakwenda China. Mwaka 1999 Ulaya walipofunga mlango kwa samaki wetu, kwa sababu ziwani watu walikuwa wanatia sumu kuvua, ndipo wenyeji wakaonja minofu kwa bei ya maana. Walipofungua mlango, basi tena, panki.

KABULA: Shija, tuko kwenye McDonald's.

SHIJA: Hii ndiyo McDonald's! Nani anakula mnofu, nani anakula panki.

KABULA: Basi ngoja nikwambie kitu, nilikuwa nakificha. Ile foleni ya Buzuruga haikuwa ya chipsi tu.

SHIJA: Ilikuwa ya nini?

KABULA: Chipsi panki.

SHIJA: Usiniambie!

KABULA: Panki limekaangwa kavu, chipsi pembeni, kachumbari yangu juu. Kwa mwanafunzi inatosha na inabaki.

SHIJA: Mama Kulwa, huyo ndiye Lou Groen wako! Halafu unataka umwambie apike unachopika wewe? Wewe ndiye nanasi!

KABULA: Mimi si nanasi. Panki lina mfupa. Mtoto akikwama, mtaa mzima utasema amekwama kwa Mama Kulwa. Hakuna atakayesema amekwama kwa yule kijana. Jina ni langu, lawama ni zangu, basi na kauli iwe yangu.

SHIJA: Kauli sawa. Ila unataka kauli, na hesabu, na faida ya viazi, na faida ya mafuta. Kijana abaki na nini? Panki.

KABULA: Abaki na kazi niliyomfundisha! Nani alimlipia nauli kutoka Magu? Nani alimtibu alipoungua mkono?

SHIJA: Huyo ni shangazi. Shangazi hatozi ada.

KABULA: Na mtoto wa kaka habebi jina bila kubisha hodi.

SHIJA: Alikosea kutobisha hodi, hapo niko na wewe. Lakini kulinda jina kwa mabavu kuna gharama yake. London kulikuwa na watu wawili, Helen Steel na David Morris, wagawa vipeperushi, wanasema McDonald's inalipa vibaya, inawarubuni watoto. Mwaka 1990 kampuni ikawashtaki. Kesi ikaanza kusikilizwa 1994 hadi 1997, ndefu kuliko zote katika historia ya Uingereza, wao wakijitetea wenyewe bila wakili. Kampuni ikashinda, paundi 60,000, baadaye zikashuka 40,000, na hawakulipa. Lakini jaji huyohuyo akasema kwenye watoto na kwenye mishahara wale wawili wako sahihi. Kipeperushi ambacho kingeishia mtaani kikasomwa dunia nzima.

KABULA: Mimi simpeleki mtoto wa kaka yangu mahakamani. Nataka hesabu tu. Elfu tano kwa siku.

SHIJA: Elfu tano! Kwa jina?

KABULA: Kwa jina na kwa embe bichi.

SHIJA: Mimi nasema mpe baraka, achukue viazi anapotaka, umtembelee kila wiki uangalie mafuta kama ni masafi. Hela usiguse.

KABULA: Mafuta niangalie bure? Nauli ya Buzuruga utanilipia wewe?

SHIJA: Atakupa panki.

KABULA: Sitaki panki! Na nakwambia siku ukifungua kibanda chako, mtu akaja akaandika "Kwa Shija 2", tutaona hiyo baraka utaitoa wapi.

SHIJA: Nitafurahi.

KABULA: Muongo.

SHIJA: Nitafurahi, Mama Kulwa.

KABULA: (kimya kidogo) Mimi Jumapili nakwenda kwa kaka, nikamweleze. Elfu tano. Sipunguzi.

SHIJA: Na mimi Jumapili nakwenda Buzuruga kula panki. Sipunguzi.

KABULA: Saa ngapi hiyo?

SHIJA: Yaa, tumepitiliza. Na Boxi la Furaha la watoto sijaligusa, lile la 1979 lenye midoli. McDonald's ya Moscow 1990 na foleni yake, sijaigusa. Karatasi ya masomo matatu hii hapa...

KABULA: Masomo utawasomea nyumbani kwako. Nina gunia la viazi halijamenywa, na mmenyaji wangu amefungua tawi. Lete kopo tuhesabu.

SHIJA: Hesabu.

KABULA: Ya kwanza kwenye salamu. Halafu pangefaa. Halafu mbili za mnofu. Halafu ya mifupa. Tano. Elfu mbili na mia tano.

SHIJA: Sawa.

KABULA: Na mapanki nayo?

SHIJA: Mapanki hayamo kwenye sheria! Sheria inasema sangara.

KABULA: Sita. Elfu tatu.