Joni Mitchell na okestra: wimbo mmoja katika umri mbili

Wanamuziki wenzangu, karibuni. Wengi wenu mnatunga kwa gitaa, na najua mnavyotamani siku moja kuimba mbele ya okestra kamili. Leo tumsikilize Joni Mitchell wa Kanada, ambaye mwaka 2000 alitoa albamu ya Both Sides Now akiimba na okestra kubwa mjini London.

Lakini kwanza mkono wake wa kushoto. Akiwa na miaka 9 aliugua polio, na mkono ule ukabaki dhaifu. Alipojifunza gitaa, kodi za kawaida, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zilimtaabisha, basi akawa anazityuni nyuzi upya kwa namna nyingi ajabu, ili vidole vichache tu vitoe sauti pana. Humo ndimo zilimozaliwa kodi zake zinazoning'inia, zisizokubali kukuambia upesi kama ni za furaha au za huzuni. Nalishikilia jambo hili kwa sababu wanaomwita "yule dada wa folk (muziki wa kiasili wa Magharibi) na gitaa lake" hawajalisikiliza gitaa lenyewe. Mle ndani okestra ilikuwamo tangu zamani.

Wimbo uliobeba jina la albamu aliutunga 1967, akiwa ndani ya ndege anasoma riwaya ya Saul Bellow, Henderson the Rain King. Mhusika wake naye yuko angani, safarini kuja Afrika, anayatazama mawingu kwa juu. Mwimbaji Judy Collins ndiye aliyeutangulia kuufanya maarufu. Joni aliutoa kwa sauti yake 1969, ana miaka 25, gitaa na sauti nyembamba inayopanda bila shida. Anasema ameyaona mapenzi na maisha kwa pande zote. Unamwamini, ila kama unavyomwamini kijana mwenye akili nyingi.

Sasa njoo mwaka 2000. Ana miaka 56. Sigara na umri vimeishusha sauti, kule juu haendi tena. Mpangaji wa muziki, Vince Mendoza, angeweza kuuficha upungufu huo nyuma ya vayolini nyingi. Hakufanya hivyo, na mimi namheshimu sana kwa hilo. Gitaa ameliondoa kabisa. Vayolini zinaingia taratibu, zinazishika kodi zilezile zinazoning'inia, kisha zinampisha. Joni anachelewesha maneno, anaimba nyuma ya mapigo, na watu wote wale wanamngoja. Saksofoni ya Wayne Shorter inaitikia pale tu alipovuta pumzi. Wimbo wa dakika nne na nusu umekaribia dakika sita, na hakuna sekunde iliyozidi. Mendoza alipata tuzo ya Grammy kwa mpangilio huo.

Mwaka 2002 walirudi pamoja na Travelogue, nyimbo 22 zote za Joni mwenyewe. Huko siridhiki kila mahali. Zipo nyimbo ambamo kwaya na tarumbeta zinasema kwa nguvu jambo ambalo shairi limeshalisema vizuri. Isikilizeni nyumbani, mtaamua wenyewe.

Nyie mnaojifunza kupanga ala, shikeni kalamu. Nitapiga rekodi ya 1969, halafu ya 2000. Kila mahali okestra inaponyamaza, andikeni neno ambalo Joni analiimba wakati huo.