Gari Linagonga kwa Chini? Usinunue Shokapu Kabla ya Vipimo Hivi

Habari zenu, watazamaji wapendwa, na karibuni tena hapa kwetu Tanga. Gari mnaloliona ni Toyota Corolla 110, toleo lililoanza kutengenezwa mwaka 1995, na mwenyewe ameshauriwa abadilishe shokapu zote 4 kwa sababu linagonga kwa chini. Mimi ni muuzaji wa vipuri, shokapu zikiwemo, lakini sitamuuzia hata moja kabla hatujajua mlio huu hutokea wakati gani hasa, kwa kuwa wakati wa mlio ndio unaokuelekeza kwenye kifaa kibovu.

Kabla ya kuwasha gari, kaza nati za magurudumu yote, kwani gurudumu lililolegea hugonga na linaweza kuchomoka. Kipimo cha kukazia nati za Corolla hii ni nyutonimita 103.

Sasa tuko kwenye lami iliyonyooka, kilomita 20 kwa saa. Hesabuni nami: du, du, du, takriban mapigo 3 kwa sekunde. Matairi haya ni 185/65 R14, ambayo mzingo wake ni kama mita 1.87, kwa hiyo kwa mwendo huu gurudumu huzunguka karibu mara 3 kila sekunde. Tukifika 40, mapigo yanaongezeka maradufu. Barabara ni tupu, basi dereva anaondoa gia na kuliacha gari litembee lenyewe. Injini imeshuka mzunguko, lakini mapigo yamebaki yaleyale. Hapo injini imetoka kwenye orodha, na shokapu pia, kwa sababu shokapu iliyochoka haipigi kwa mpangilio huo juu ya lami laini. Gari lililoegeshwa muda mrefu nalo hugonga hivi kwa kuwa tairi limekaa bapa upande mmoja, ila hilo huisha tairi likishapata joto, na sisi tumekwisha kutembea vya kutosha.

Lakini subirini. Tumepita tuta, nanyi mmesikia mlio mwingine, mzito, wa pigo moja, kutoka mbele kulia. Yaani tuna milio 2, na ndiyo maana mafundi waliotangulia walichanganyikiwa. Tutaishughulikia mmoja mmoja.

Kuinua gari mnajua. Weka mawe ya kuzuia magurudumu, kisha weka stendi, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliyelala chini ya gari. Ninaweka tofali karibu na tairi, ninachora alama ya chaki, halafu ninazungusha gurudumu polepole na kutazama kama nafasi kati ya tairi na tofali inabadilika. Mdogo wangu, sogeza kamera, jua linapiga kioo na watu hawaoni kitu. Zunguka huku, upande wa ndani. Hapo hapo! Tairi la nyuma kushoto lina uvimbe, nao umejificha ndani, mahali ambapo mtu aliyesimama nje haoni kabisa. Nyuzi zilizo ndani ya tairi zimeachana. Tarakimu 4 za mwisho za alama ya DOT, ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ni 2314, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la namna hii halizibwi wala halihamishiwi gurudumu lingine, linatupwa. Tumefunga la akiba, tumerudi barabarani, na du-du-du imekwisha.

Limebaki lile pigo la kwenye tuta, na hapa ninaomba utulivu wenu wote. Ninashuku linki ya stabilaiza, kijiti kifupi chenye boljointi, yaani kiungo cha duara kinachocheza, juu na chini, ambacho hushika mtaimbo wa stabilaiza, chuma kirefu kinachozuia gari kulala sana upande kwenye kona. Wengi huinua gurudumu moja, hutikisa linki, huiona imekaza, kisha husema ni nzima. Msifanye hivyo. Ukiinua upande mmoja, ule mtaimbo wa stabilaiza hujipinda na kuibana linki, hivyo ulegevu hauonekani. Magurudumu yote mawili ya mbele yawe chini, au yote mawili yawe juu kwa kimo kimoja. Narudia: yote mawili.

Gari liko chini, gia iko kwenye P na breki ya mkono imevutwa. Nimepitisha mkono nyuma ya gurudumu na kushika boljointi ya juu ya linki ya kulia, huku mwenzangu akilitikisa gari kwa kubonyeza boneti juu ya taa. Vidole vyangu vinapokea pigo kila gari linaposhuka, lakini nikishika ya kushoto haina kitu. Mimi napenda njia hii ya mkono kuliko kutegemea sikio, kwa sababu chuma husafirisha sauti mbali na inapotoka.

Kwa uhakika zaidi, ondoa linki zote mbili, kulia na kushoto, kisha upite tuta lilelile polepole sana. Polepole, tafadhali, na usikate kona kwa kasi, kwani bila linki gari hulala zaidi upande. Narudia pia: zote mbili zitoke, maana ukiacha moja mtaimbo utaning'inia na kugonga, nawe utababaishwa na mlio mpya. Sikilizeni tuta sasa. Kimya. Pigo lingeendelea, tungehamia boljointi ya lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, na raba ya juu ya shokapu. Ila naomba kwa msisitizo: nati ya katikati ya shokapu isifunguliwe kamwe kabla ya springi kubanwa kwa kifaa chake, kwa sababu springi ikiachiwa ghafla inaweza kuua.

Tumefunga linki mpya pande zote mbili, na shokapu za mwenyewe zimebaki zilezile. Akitembea kilomita 100 hivi, atakaza tena nati za gurudumu tulilobadilisha.